Saa ya Atomiki Inavyopunguzwa Ukubwa: Kazi Kubwa Iko kwenye Kisanduku cha Mawimbi

Kila inapotoka habari kwamba saa ya atomiki sasa inatosha kwenye kiganja, maswali yale yale huzuka. Je, ina nyuklia ndani? Itaingia lini kwenye simu? Na kama atomu ni ndogo kiasi kile, kwa nini saa yake ilianza ikiwa kubwa kama kabati? Hilo la tatu ndilo swali zuri kuliko yote. Jibu lake limo kwenye kisanduku cha chuma kinachozizunguka atomu, kile ambacho wahandisi hukiita kaviti. Kwa sehemu kubwa tatizo halikuwa atomu. Tatizo ni kwamba kisanduku hicho hufuata urefu wa wimbi, na urefu wa wimbi haupunguzwi kwa amri ya mtu.

Kwanza, saa yenyewe ni nini

Saa yoyote ina kitu kinachorudia mwendo uleule na kitu kinachohesabu marudio hayo. Katika saa ya kawaida ya mkononi, kinachorudia ni kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ya marudio kwa sekunde ndiyo masafa, na hupimwa kwa hertzi. Kasoro ya kwatzi ni kwamba kipande kimekatwa na mashine, hubadilika kwa joto na huzeeka, kwa hiyo saa huenda mbele au kubaki nyuma kwa sekunde 15 hivi kila mwezi.

Atomu haikatwi na mashine wala haizeeki. Kila atomu ya rubidiamu-87 (rubidiamu ni metali) ni sawasawa na nyingine, popote ilipo. Ndani yake kuna hali mbili za nishati zilizokaribiana sana, na kinachozitofautisha ni jinsi usumaku wa elektroni ya nje ulivyoelekea ukilinganishwa na usumaku wa kiini. Ili atomu ivuke kutoka hali moja kwenda nyingine, huhitaji mawimbi ya mikrowevu yenye masafa ya hertzi 6,834,682,611. Kwa sesiamu-133 namba hiyo ni 9,192,631,770, na tangu 1967 ndiyo inayotumika duniani kufafanua sekunde. Kwa haidrojeni ni takriban 1,420,405,752.

Hapa dhana moja potofu inaondoka mapema. Hakuna kiini kinachovunjwa, wala hakuna nishati ya nyuklia inayotumika. Sesiamu-133 ni thabiti kabisa. Rubidiamu-87 kwa asili yake ina mionzi hafifu mno, kiasi kwamba nusu ya atomu zake huchukua takriban miaka bilioni 49 kubadilika, na saa haihitaji mionzi hiyo kwa lolote.

Dhana nyingine ni kwamba atomu ndizo zinazotoa mapigo ya saa. Katika saa za rubidiamu na sesiamu, mapigo bado yanatoka kwenye kwatzi, kwa kawaida osileta ya megahertzi 10. Kazi ya atomu ni kuisahihisha kila mara inapopotoka.

Usahihishaji huo unafanyika hivi. Kuna seli ya kioo iliyofungwa kabisa, ndani yake mkiwa na tone dogo la rubidiamu na gesi isiyoungana nayo, kwa mfano naitrojeni iliyochanganywa na agoni. Seli hupashwa joto hadi nyuzi 60 hivi za Selsiasi ili mvuke wa rubidiamu uwe wa kutosha. Mwanga wa taa ya rubidiamu au wa leza, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 au 795, hupita katikati ya seli na kuangukia kihisi mwanga upande wa pili. Mwanga huo huzihamishia atomu kwenye hali isiyoumeza, na muda si muda mvuke unakuwa angavu. Sasa ingiza mikrowevu. Masafa yakilenga sawasawa, atomu zinarudi kwenye hali inayomeza mwanga, na kihisi kinaona mwanga umefifia kidogo. Kufifia huko kudogo ndiyo ishara yote ya saa. Elektroniki huyayumbisha masafa kidogo huku na huku, mara mia na kitu kwa sekunde, hutazama ni upande gani mwanga unafifia zaidi, kisha huisogeza kwatzi hadi pande mbili zilingane.

Mfano halisi wa hesabu hiyo: muundo mmoja uliotumika sana huzidisha masafa ya kwatzi hadi megahertzi 6,840, kisha hupunguza megahertzi 5.3125, na kupata megahertzi 6,834.6875. Ukilinganisha na namba ya atomu iliyo huru utaona ziada ya hertzi 4,889. Si kosa. Gesi iliyomo kwenye seli huyasogeza masafa ya atomu kwa kilohertzi kadhaa, na mtengenezaji huchagua shinikizo lake ili atomu zifike kwenye namba ambayo elektroniki inaipata kwa urahisi. Ndiyo sababu saa ya rubidiamu ni lazima ilinganishwe kwanza na saa bora zaidi kabla ya kuaminiwa.

Kwa nini kisanduku, na si antena tu

Mawimbi yanaweza kurushwa kwa antena ndogo, na atomu zitayaitikia. Ila yatagonga ngao ya chuma ya nje, yatarudi, yatakutana yenyewe kwa yenyewe. Sehemu moja ya seli itapata mengi na nyingine itakosa. Ishara inachafuka, na inabadilika kila kitu kinaposogea hata kidogo.

Kaviti hutatua hilo. Mawimbi yenye masafa yanayolingana na vipimo vyake hugonga kuta, hurudi yakiwa yamepangana, na kujijenga. Mikrowati chache zinatosha, kwa hiyo asiwepo wa kuilinganisha na jiko la mikrowevu, ambalo hutumia mamia ya wati kwenye masafa mengine kabisa. Hata hivyo kaviti ya saa inadaiwa mambo matatu kwa pamoja: ivume kwenye masafa ya atomu, uga sumaku wa mawimbi (yaani eneo la nguvu yao ya usumaku) uwe na nguvu inayokaribia kulingana kote ndani ya seli, na uga huo uelekee upande mmoja maalumu.

Sharti la tatu ndilo husahaulika, na ndilo lililowatesa wabunifu zaidi. Kila moja ya zile hali mbili za rubidiamu ina vijihali kadhaa, na karibu vyote huyumbishwa na sumaku. Kuna jozi moja tu inayoyumba kidogo sana, nayo ndiyo inayotumika kwa saa. Ili kuitenga na nyingine, koili huzungushwa nje ya kaviti na kutoa uga sumaku tulivu wa mikrotesla chache. Jozi ya saa huitikia sehemu tu ya mawimbi ambayo uga wake sumaku uko sambamba na uga huo tulivu. Sehemu iliyokingama huamsha jozi nyingine zisizotakiwa, hivyo nguvu inapotea na ishara inapungua.

Urefu wa wimbi ndio bwana

Mikrowevu ya rubidiamu ina urefu wa wimbi wa sentimita 4.39. Umbo la mawimbi linalotimiza masharti yote kwa uzuri ndani ya silinda huitwa TE011: uga sumaku hupita wima katikati, ukiwa na nguvu karibu sawa, na unaelekea upande unaotakiwa. Lakini silinda yenye kipenyo sawa na kimo, ili ivume kwa TE011 kwenye masafa hayo, inahitaji kipenyo cha milimita 58. Ujazo wake ni sentimita 152 za ujazo. Seli yenye kipenyo na kimo cha milimita 25 ina sentimita 12 tu. Asilimia 92 ya kisanduku haina atomu hata moja.

Na hasara haiishii hapo. Kaviti huzungukwa na kipashio joto, halafu koili, halafu kizuia joto, halafu ngao za sumaku, mara nyingi tabaka mbili au zaidi za aloi ya nikeli, maana uga wa dunia wa mikrotesla 25 hadi 65 ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa koili. Kila tabaka hulivaa lililo ndani yake. Ukipunguza milimita 10 kwenye kipenyo cha kaviti, umepunguza kila tabaka, uzito wake, na umeme wa kuipasha joto. Ndiyo maana anayetaka saa ndogo huanza na kaviti.

Njia ya kwanza ni kubadili umbo la mawimbi. TE111 kwenye silinda ya namna ileile huhitaji kipenyo cha milimita 34 tu, ujazo wa sentimita 30. Mara tano ndogo! Lakini sehemu ya uga iliyo sambamba na mhimili hupotea kabisa katikati, na kwenye pande mbili zinazotazamana huelekea kinyume. Imetumika kwenye saa za biashara na inafanya kazi, kwa gharama ya ishara.

Njia ya pili ni kujaza kauri. Kauri ya alumina hupunguza kasi ya mawimbi zaidi ya mara tatu, na kaviti iliyojazwa kabisa ingepungua kwa kiwango hicho kila upande. Haiwezi kujazwa kabisa, kwa sababu seli lazima ikae ndani na mwanga upite. Tena, tabia ya umeme ya kauri hubadilika kwa joto kuliko chuma kinavyotanuka, hivyo unaokoa nafasi na kununua tatizo la joto.

Filimbi na chupa

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta mabadiliko ya kweli, na inaeleweka kwa sauti. Puliza filimbi: sauti yake inatokana na urefu wa bomba. Ukitaka sauti nzito, bomba sharti liwe refu, kwa sababu wimbi lenyewe linajipima ndani ya bomba. Sasa puliza juu ya mdomo wa chupa ya lita moja. Inatoa mvumo mzito wa hertzi mia na kitu, ambao wimbi lake angani lina urefu wa karibu mita 3, wakati chupa yenyewe ina sentimita 30. Imewezekana kwa sababu ndani ya chupa wimbi halijipimi. Hewa iliyoko shingoni huwa kama uzito, na hewa ya tumboni huwa kama springi inayousukuma. Kazi mbili zimegawanywa sehemu mbili, na urefu wa wimbi umepoteza amri yake.

TE011 ni filimbi. Kaviti ya pete yenye nyufa ni chupa.

Chukua bomba fupi la chuma, lipasue kwa urefu mara nne au sita, ili vipande visimame kwenye duara vikiwa vimeachana kwa nyufa nyembamba. Kila ufa ni kapasita: uga umeme hujibana humo. Pete nzima ni koili ya mzunguko mmoja: uga sumaku hupita katikati yake, sambamba na mhimili, ukiwa na nguvu inayokaribia kulingana. Seli ya kioo huwekwa hapohapo katikati. Uga sumaku unaotakiwa uko kwenye atomu, na uga umeme usiotakiwa umefungiwa kwenye nyufa, kwa sehemu kubwa mbali na kioo. Nje ya pete huja ukuta wa chuma wa kuzuia mawimbi yasitoroke.

Wazo hili lilichapishwa na Hardy na Whitehead mwaka 1981, kisha Froncisz na Hyde mwaka 1982, kwa ajili ya vipimo vya mvumo wa sumaku katika maabara. Kwenye saa, umbo hili huitwa pia kaviti ya magnetroni, kwa kuwa vipande vyake hufanana na vile vya magnetroni ya rada, kifaa kinachozalisha mikrowevu. Nchini Uswisi, Chuo Kikuu cha Neuchâtel kwa kushirikiana na EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, waliitengeneza kwa seli ya milimita 25, na ujazo wa kaviti ukawa sentimita 45 hivi badala ya zaidi ya 150. Kwa kutumia leza, saa yao ilifikia uthabiti wa 1.4 × 10⁻¹³ kwa sekunde moja, yaani masafa yake huyumba kwa sehemu hiyo tu ya thamani yake; namba ikiwa ndogo ndivyo saa ilivyo bora. Hiyo ni daraja ya juu sana kwa saa ya mvuke, na ndiyo inayonifanya niseme kwamba katika kaviti, udogo haukuja kwa kushusha ubora.

Hesabu yenyewe, na milimita 0.01

Kwa makadirio ya awali, masafa ya pete hupatikana hivi: gawa kasi ya mwanga kwa mzingo wa ndani wa pete, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha (idadi ya nyufa × upana wa ufa) ÷ (3.1416 × unene wa ukuta wa pete). Angalia kwamba kimo cha pete hakimo kabisa kwenye hesabu.

Chukua nusu kipenyo cha ndani milimita 6, nyufa 4, unene wa ukuta milimita 3, upana wa ufa milimita 1.74. Jibu ni gigahertzi 6.834. Pete yenye kipenyo cha nje cha milimita 18 imefanya kazi ya silinda ya milimita 58. Ukuta wa nje hupandisha masafa, na uga unaovuja kwenye kingo za nyufa na kioo cha seli huyashusha, kwa hiyo hakuna anayekata chuma kwa hesabu hii pekee. Programu ya kuiga mawimbi hufuata, na ndani yake lazima uingize kioo chenyewe, unene wake halisi pamoja na gamba la mwisho pale seli ilipofungwa kwa moto.

Sasa tazama bei ya udogo. Tuseme mashine imekosea nyufa zote kwa milimita 0.01. Kwa hesabu hiyohiyo, masafa yanahama kwa karibu megahertzi 20. Kaviti ya namna hii ikiwa na kipimo cha Q (ukali wa mvumo, yaani masafa yakigawanywa kwa upana wa mvumo) cha 200, upana wa mvumo wake ni megahertzi 34. Kosa lisiloonekana kwa jicho limekutoa zaidi ya nusu ya upana! Kwenye filimbi ya milimita 58, kosa hilohilo la milimita 0.01 kwenye vipimo vyote lingehamisha masafa kwa megahertzi 1.2 tu.

Kwa hiyo kila kaviti hurekebishwa moja moja, na mpangilio wa kazi ni muhimu. Nyufa hukatwa, kaviti husafishwa kwa makini kwa sababu kipande kimoja cha chuma kilichonasa kwenye ufa kinaunganisha kapasita na kuua mvumo. Seli huingizwa kabla ya kupima, kamwe si baadaye. Kisha kaviti hupashwa hadi joto la kazi, na hapo ndipo mvumo hupimwa. Alumini hutanuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi, sawa na kilohertzi 157 za masafa. Kaviti iliyorekebishwa kwenye nyuzi 22 na kutumika kwenye nyuzi 62 itakuwa imeshuka megahertzi 6. Marekebisho hufanywa kwa kifuniko chenye uzi wa skrubu kinachosogea juu ya nyufa, halafu hufungwa kwa nati ili mtikisiko usikilegeze.

Mwelekeo wa uga nao hupimwa, na atomu zenyewe ndizo shahidi. Washa uga tulivu wa mikrotesla 4, pitisha masafa polepole kuanzia chini ya namba ya saa hadi juu yake, na utazame mwanga unafifia wapi. Uga ukiwa sambamba kabisa utaona mistari mitatu, yaani masafa matatu ambapo mwanga unafifia, iliyoachana kwa kilohertzi 56. Ukiwa na sehemu iliyokingama, mistari mingine minne huchomoza kati yao na nje yao. Ukubwa wa hiyo minne ukilinganishwa na mitatu unakuambia kaviti yako imepotoka kiasi gani, bila kuingiza kifaa chochote ndani.

Yapo makosa madogo yanayoharibu kazi kubwa. Skrubu za chuma cha pua huweza kuwa na usumaku. Tumia shaba nyeupe au titani. Waya wa kipashio joto ukipita peke yake hutoa uga sumaku unaobadilika kila kidhibiti joto kinapowaka na kuzimika, kwa hiyo waya wa kwenda na wa kurudi husokotwa pamoja. Rubidiamu hujikusanya kwenye sehemu yenye baridi kuliko zote ndani ya seli. Ikiwa ni kwenye dirisha la mwanga, tando la metali litazuia mwanga na kuhamisha mvumo wa kaviti pia. Ndiyo maana seli nyingi zina mkia mdogo unaowekwa makusudi kwenye nyuzi chache chini.

Na tundu la mwanga? Tundu la mviringo lenye kipenyo chini ya milimita 25 haliyaachi mawimbi haya yasafiri, lakini huyaacha yachungulie. Tundu la milimita 10 likiwa na shingo ya urefu wa milimita 10 hupunguza nguvu inayovuja karibu mara elfu. Bamba jembamba lenye tundu hilohilo halitoshi.

Udogo wa kaviti una zawadi moja isiyotarajiwa. Kwenye masafa haya mawimbi huingia ndani ya alumini kwa mikromita moja tu. Chuma kilichobaki ni cha kushikilia umbo na kusambaza joto. Kwa hiyo mwaka 2018 watafiti wa Uswisi waliohusika na kaviti ile walionyesha kaviti iliyochapwa kwa mashine ya 3D, na saa ikafanya kazi vizuri. Pete, nyufa na ukuta hutoka kama kipande kimoja, bila kuunganishwa, na makosa ya kuunganisha hayapati nafasi.

Q ndogo si aibu

Wengi waliosoma redio hudhani kaviti yenye Q kubwa ndiyo bora, kwa kuwa mvumo wake ni mkali. Kwenye saa ya rubidiamu ni kinyume. Mstari wa atomu wenye upana wa hertzi 500 una Q ya karibu milioni 14. Kaviti haihitaji kushindana nao. Kaviti ikihama kwa joto, huyavuta masafa ya saa upande wake, na mvuto huo hukua kadiri Q ya kaviti inavyokuwa kubwa. Q ya mia chache humpa mbunifu amani.

Saa ya haidrojeni ya aina hai ndiyo inayotaka Q kubwa, kwa sababu atomu zenyewe lazima zitoe mawimbi na kuyadumisha. Wimbi lake ni sentimita 21, na kaviti ya TE011 hufikia kipenyo cha sentimita 28. Ukiipunguza kwa umbo la magnetroni, Q inashuka na atomu haziwezi tena kujiendesha. Unalazimika kutumia aina tulivu, ambapo elektroniki huingiza mawimbi na kusoma jibu. Setilaiti za Galileo, mfumo wa Ulaya wa kutambua mahali, hubeba saa mbili za haidrojeni tulivu, kila moja ikiwa na kilo 18 hivi, pamoja na mbili za rubidiamu za kilo 3 na kitu. Njia nyingine ni kuweka yakuti samawi ndani, ambayo hupunguza ukubwa bila kula nguvu nyingi. Saa za sesiamu za mkondo ni kisa kingine: atomu zake husafiri kati ya sehemu mbili za mikrowevu, na ukifupisha safari unapanua mstari, hata kaviti iwe ndogo namna gani.

Mvuke nao una mpaka. Seli ikiwa ndogo, atomu hugonga kioo mara nyingi zaidi na kila mgongano hufuta hali yake. Unaongeza gesi ili kuzichelewesha, lakini gesi ikizidi, migongano nayo hupanua mstari. Unaongeza joto ili mvuke mdogo uweze kumeza mwanga wa kutosha; seli za milimita chache hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na zaidi. Kutoka mstari wa hertzi mia chache unafika kwenye kilohertzi, na uthabiti unapungua kwa kadiri hiyo.

Je, kaviti imekwisha kazi?

Mwaka 2004, NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walionyesha kiini cha saa chenye ujazo wa milimita 9.5 za ujazo, kinachotumia chini ya miliwati 75. Hakina kaviti. Leza yake huwashwa na kufifishwa mara bilioni 4.6 kwa sekunde, nusu ya masafa ya sesiamu, na hivyo mwanga wenyewe hubeba rangi mbili zilizoachana kwa gigahertzi 9.19. Atomu zikipata rangi hizo mbili pamoja huacha kumeza mwanga. Saa ya biashara ya aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 2011: sentimita 16 hivi za ujazo, gramu 35, umeme wa chini ya miliwati 125.

Ndipo watu waliposema kaviti imezikwa. Namba zinasema vingine. Uthabiti wa saa hiyo kwa sekunde moja umetajwa kuwa 3 × 10⁻¹⁰. Ule wa kaviti ya Neuchâtel ni bora mara elfu mbili hivi. Ni matumizi mawili tofauti: moja inaendeshwa kwa betri chini ya bahari au mgongoni mwa mtu, nyingine inakaa kwenye setilaiti ambako nanosekunde moja ya kosa ni sentimita 30 za umbali. Katikati yake kuna nafasi pana, na watafiti wameshatengeneza pete za nyufa zenye ujazo chini ya sentimita moja kwa seli za milimita chache.

Simu yako haina saa ya atomiki na haiihitaji: ina kwatzi, na husahihishwa na mtandao na setilaiti. Panapohitajika saa ndogo ya atomiki ni pale mawasiliano hayo yanapokatika na kifaa lazima kiendelee peke yake. Saa inayokosea sehemu 1 kwa 10¹¹ itapotea kwa karibu mikrosekunde moja kwa siku.

Unaposoma tangazo la saa mpya, tenga namba tatu ambazo huchanganywa: uthabiti kwa sekunde moja, mwendo wa kuzeeka kwa mwezi, na badiliko kwa joto. Halafu angalia ujazo uliotajwa ni wa nini. Zile milimita 9.5 za mwaka 2004 zilikuwa za seli, leza na kihisi tu. Zikiongezwa elektroniki, kwatzi, ngao na kifuko, saa nzima ya dukani ilikuwa kubwa zaidi ya mara elfu moja na mia tano.